Marehemu wa Nyalukemba

Mwalimu Zagabe Apollinaire alipata habari ya kifo chake mwenyewe siku ya Jumanne asubuhi, akiwa kwenye foleni ya maji na bidoni mbili za njano. Dereva mmoja wa pikipiki alikuwa amesimama karibu na bomba, redio yake ikibweka, na ndani ya redio hiyo mtu alikuwa akilia kwa kufuata ngoma. Alilia kwamba baba yake alikuwa mlevi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Alilia kwamba baba huyo alimwacha mtoto alale chini ya meza za soko la Nyawera, akitafuna vichwa vya samaki wa sambaza vilivyotupwa na wauzaji, mpaka siku mlevi alipoanguka mtaroni na chupa yake, akafa, akazikwa bila hata sanduku. Foleni nzima ilitikisa vichwa. Mama mmoja alifuta jicho kwa ncha ya kitenge.

Mwalimu hakuuliza ni nani anayeimba. Sauti ile aliifundisha yeye kusoma.

Alijaza bidoni zake, akapanda kilima cha Nyalukemba bila kupumzika, akamkuta mkewe barazani kwenye cherehani.

"Marcelline," akamwambia, "nilisha kufa. Gloire njo anasema mu redio."

Basi tumweleze marehemu huyu, maana mwanawe hakujisumbua kumweleza. Alizaliwa Walungu, katika nyumba ya udongo yenye migomba nyuma, na kama kuna mtu katika hadithi hii aliyeonja njaa ya kweli, ni yeye. Alitembea kilomita tisa kila siku bila viatu kwenda shule ya mapadri, na hakuwahi kumwimbia mtu jambo hilo. Alipata diploma yake, akashuka Bukavu, akapewa darasa la tano la msingi katika shule moja ya Nyalukemba, na humo akakaa miaka thelathini na mmoja, akifundisha sehemu, desimali na mito ya Kongo kwa watoto ambao wengi wao walikuwa na akili za kutosha kufunga kamba za viatu na si zaidi.

Hivyo ndivyo alivyosema yeye. Kipaji chake kikubwa kilikuwa dharau. Aliwadharau walimu waliouza maksi, na wabunge waliopita wakati wa uchaguzi wakigawa chumvi, na wahubiri waliopiga kelele kana kwamba Mungu ana masikio mabovu. Aliwadharau wazazi waliokuja kumwambia kwamba mtoto wao ana akili sana ila hana bahati. "Hana bahati na desimali?" alikuwa akiuliza, na mzazi huondoka amenuna. Pombe ndiyo aliyoidharau kuliko vyote. Siku ya arusi yake aligusisha midomo kwenye kibuyu cha kasiksi kwa heshima ya baba mkwe, akaenda kutema nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo historia yote ya ulevi wake.

Na huyo yatima? Gloire Zagabe alikulia kwenye kitanda chenye chandarua. Alikuwa mtoto wa pekee, na Marcelline, ambaye alishona sare za nusu ya watoto wa mtaa ule, alimshonea mpaka soksi. Asubuhi alikunywa maziwa. Jumapili alitumikia misa kwa kanzu nyeupe, mashavu yaking'aa kwa mafuta, na wamama wa kanisa walimwita malaika. Aliogopa mbwa hata waliokuwa wamefungwa. Na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu ambao kila nyumba ya Bukavu inawala, yeye hakuweza kuwavumilia hata harufu, alitapika. Siku za sambaza mama yake alimkaangia mayai mawili peke yake, na baba akamsuta: "Uyu mutoto ni mubishop?" Huyo ndiye aliyekuja kutafuna vichwa vya sambaza chini ya meza za Nyawera. Alifika Nyawera akiwa ameshikwa mkono, kununuliwa viatu.

Akiwa na miaka kumi na tisa alianguka mwaka wa kwanza wa chuo cha ualimu, kwa maksi ambazo mzazi mwenye haya hazitaji. Akapanda boti ya Goma, akisema anaenda kutafuta nafasi katika chuo kingine. Kutoka Goma akaingia Kampala, akawa anafagia studio ya watu na kuimba nyimbo za mapenzi ambazo hata fagio halikuzisikiliza. Ndipo akamuua baba. Wimbo mmoja tu, *Kaburi ya Papa*, na wiki hiyohiyo mji mzima ukajua jina lake jipya: Yatima Platine. Kampala ikalia, Goma ikalia, Kinshasa ikamwita, Bruxelles ikamtumia tiketi. Alipewa zawadi ya dhahabu akaipokea ameinamisha kichwa. Waandishi wa habari walipomuuliza juu ya baba yake alinyamaza kwanza, akahesabu mpaka tano, halafu akasema: "C'est dur," yaani ni ngumu. Nao wakaandika kwamba ni msanii wa kina.

Mwalimu aliuandika wimbo ule wote kwa mkono wake kwenye karatasi ya mistari, akauweka mezani, akatoa kalamu nyekundu. Alipigia mstari chini ya vina vibovu, na vilikuwa vingi. Pembeni mwa vichwa vya sambaza aliandika: *Faux*, si kweli. Pembeni mwa chupa: *Faux*. Chini kabisa akaandika tatu juu ya ishirini, akazungushia duara, akaifungia karatasi ndani ya droo. Tatu zile alimpa kwa ajili ya mwandiko, ingawa mwandiko ulikuwa wa kwake mwenyewe.

Kufa huko hakukumuumiza sana, au ndivyo alivyojiambia. Mtu anayedharau mji wake hasumbuliwi na mji huo kumwona marehemu. Kilichomuumiza alikuwa Marcelline. Gloire alimpigia simu mama yake Noeli na Sikukuu ya Wamama, dakika nne, dakika tano, na kila mara alisema atakuja. Hakuja. Angekujaje? Alikuwa na baba aliye hai anayeteka maji mchana kweupe. Miaka tisa ikapita hivyo. Marcelline hakulalamika. Alisikiliza nyimbo zake kwenye simu ndogo aliyotumiwa, akiiweka chini ya kitambaa anachoshona ili mumewe asione, na mume aliona, akajifanya anasoma.

Mwaka jana, mwezi wa tano, gari moja kubwa jeusi lilikwama kwenye mteremko wa Nyalukemba, likasukumwa na watu sita, na ndani yake akatoka kijana mwenye miwani ya jua na viatu vyeupe ambavyo tope la Bukavu lilivikaribisha vizuri. Aliitwa Bruno, meneja wa Yatima Platine. Aliketi kwenye kiti cha Mwalimu bila kuambiwa kaa. Marcelline akaleta chai.

Bruno alisema mambo makubwa yanakuja. Yatima anarudi nyumbani kwa mara ya kwanza. Ataimba Bukavu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na haitakuwa konseti tu. Itakuwa levée de deuil. Sisi huku tunajua maana yake: msiba ukiisha muda wake, watu wanakusanyika, kunaombwa, kunaliwa, na mjane anavuliwa nguo nyeusi mbele ya wote, anavikwa kitenge kipya ili arudi kati ya walio hai. Yatima angemvulia marehemu baba yake kilio, mbele ya mji mzima na kamera nne.

"Na maman," Bruno akaendelea, "atapanda ku podium na nguo nyeusi. Bamama batamuvua, batamuvalisha kitenge ya mupya, Yatima atamukumbatia. Batu batalia, Papa. Batalia sana."

"Mie nitakuwa wapi?" Mwalimu akauliza.

"Njo mana nilikuya." Bruno alivua miwani. "Papa aende kidogo Walungu. Vendredi mpaka lundi, siku ine tu."

"Na nikikatala?"

"Yatima hatakuya. Anaweza fanyia ile kitu Goma. Lakini maman hatamuona."

Mwalimu alicheka. Kicheko chake kilikuwa kimeliza watoto miaka thelathini na mmoja.

"Bwana mudogo," akasema, "naona weye iko mutu ya masomo. Mara ngapi ulisha kunywa chai mu nyumba ya maiti, na maiti iko anakuangalia?"

Bruno akatazama kikombe chake. Mwalimu alikuwa amejiandaa kumfukuza, sentensi ilikuwa tayari mdomoni, ya Kifaransa, ndefu, yenye vitenzi vitatu. Lakini Marcelline, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akasema kwa upole:

"Apollinaire. Enda Walungu."

Akamgeukia. "Utavaa nguo ya mujane? Na mie niko muzima?"

"Nitavaa."

"Marcelline."

"Ni masaa mbili tu. Nitavaa. Nimuone mutoto yangu."

Mwalimu akamwangalia mwanamke ambaye hakuwahi kumwomba kitu tangu waoane, isipokuwa cherehani. Hakupata cha kumdharau mahali popote usoni pake. Alitafuta kweli.

Ijumaa akapanda minibasi ya Walungu na mfuko mdogo, akafikia kwa dada yake. Dada alicheka mpaka akashika mlango, akaita majirani waje wamwone marehemu anavyokula maharage. Jumamosi asubuhi alimfuata dada shambani, akashika jembe, akalima mstari mmoja ulioenda kombo. Kuwa maiti angeweza. Maiti ni maneno ya wapumbavu wenye redio. Kilichomkaa kooni ni kile kitambaa cheusi. Alikuwa mtu wa shule, haamini uchawi, na mbele ya watoto aliwacheka waliouamini. Lakini pale shambani aliwaza kwamba saa hii Marcelline anajifunga kitambaa cha mjane mbele ya kioo, na mumewe anapumua. Mwanamke hachezi na nguo ile. Kwao Walungu hata kuishona kabla ya kifo hakuna anayethubutu, na Marcelline alikuwa ameishona mwenyewe, siku tatu, kwa cherehani aliyonunuliwa na mumewe.

Akaweka jembe chini. Akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama. Njia nzima, vumbi likimjaa mdomoni, alitunga sentensi yake. Atapanda kwenye jukwaa, atashika mikro, na kwa Kifaransa kisicho na doa atawaambia: mimi ni Zagabe Apollinaire, baba wa mwongo huyu, na sijawahi kunywa. Halafu atamshika mkewe mkono, waende nyumbani. Mji utaona aibu. Aliirudia sentensi hiyo mara kumi, akirekebisha hapa na pale, na kadiri Bukavu ilivyokaribia ndivyo alivyoipenda zaidi.

Walikuwa wamekodi uwanja wa shule. Shule yake. Jukwaa lilikuwa limesimamishwa kwenye ukuta wa darasa la tano, chini ya dirisha ambalo alilipaka rangi kwa mkono wake, na juu yake bango lenye uso wa Gloire mkubwa kuliko mlango. Langoni mlinzi mwenye fulana nyeusi akanyoosha mkono kumzuia, akamtazama, akaushusha. Alikuwa Steve. Alirudia darasa la tano mara mbili.

"Bonjour, Maître!" Steve akasema kwa furaha. "Pita, pita, Papa yetu."

Mwalimu alisubiri. Alisubiri uso wa Steve ubadilike, ashtuke, ashike kichwa. Hakuna.

"Steve," akasema, "uyu mwimbaji anasema papa yake alikufa."

"Ndio, Maître."

"Papa yake ni mie."

"Nani hajue, Maître? Bote banajua." Steve akacheka. "Ile ni muziki tu. Ingia, mutakosa nafasi."

Akaingia. Na kila hatua alikutana na mwanafunzi wake. Mwenye duka la dawa, aliyeiba chaki. Polisi wa barabarani, aliyelia kwa sababu ya kuzidisha. Mama wawili wanene waliokuwa wasichana wembamba kwenye benchi la mbele. Wote walimsalimu kwa heshima, wote walisogea akapita, na wote walikuwa wamevaa fulana zilizoandikwa *Kaburi ya Papa* kifuani. Mmoja aliomba apige naye picha. Mkurugenzi wa shule, Edouard, naye zao la chaki yake, alimletea kiti. "Pole na kilio, Maître," akasema, akifinya jicho, na watu wakacheka vizuri, bila ubaya.

Mwalimu akakikalia kile kiti. Miaka sita, tangu wimbo ule utoke, aliamini kwamba mji umedanganywa. Aliudharau kwa ujinga wake, na dharau hiyo ilimlaza usingizi. Kumbe mji haukudanganywa hata siku moja. Ulijua. Ulijua, ukaimba, ukafuta machozi ya kweli, ukanunua fulana. Hakuna aliyekuwa na haja ya mtu wa kuwaambia ukweli. Walikuwa nao tayari, na hawakuona matumizi yake.

Gloire akatokea kwa moshi. Alikuwa amenenepa, mnyororo shingoni mnene kama kamba ya ng'ombe, mkono umewekwa kifuani mahali ambapo alikuwa amefundishwa kuuweka. Akaimba. Uwanja ukaitikia chupa, ukaitikia mtaro, ukaitikia kwa nguvu zaidi vichwa vya sambaza. Kisha ngoma ikapunguzwa, na Maman Cibalonza, kiongozi wa shirika lao la kanisani, jirani wa miaka ishirini aliyemwona Mwalimu juzi akianika viatu, akamwongoza Marcelline jukwaani.

Kitambaa cheusi kilimfunika mpaka kwenye paji la uso. Alionekana mzee. Hakutazama watu wala kamera. Alimshika mwanawe, lakini hakumkumbatia kama Bruno alivyotaka, alimshika sikio. Sikio la kulia, lile lililokuwa likitoa usaha alipokuwa mdogo, ambalo alimtia mafuta ya vuguvugu kila asubuhi kwa miaka miwili. Alilipapasa kwa vidole viwili, akainamisha kichwa cha yule staa mzima, akaangalia ndani kama limepona.

Mwalimu akasimama. Bruno alimwona akipanda ngazi, akaja mbio, lakini Steve alimweka kando kwa kifua. "Acha. Ni Maître." Uwanja ukanguruma. Simu zikanyanyuka. Gloire akageuka, akamwona baba yake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, amejaa vumbi, kofia mkononi.

Aliziba mikro kwa kiganja.

"Papa," akasema.

Ilikuwa sauti ya yule wa kanzu nyeupe mbele ya mbwa aliyefungwa. Mwalimu akachukua mikro mkononi mwa mwanawe, na haikuwa kazi.

Sentensi ilikuwepo. Ilikuwa imenyooka, ina vitenzi vyake vyote. Akafungua mdomo, akamtazama Marcelline ili amwambie kwa macho kwamba yamekwisha, twende. Marcelline hakuwa akimtazama. Vidole vyake vilikuwa bado sikioni. Akaelewa kwamba akiisema sentensi ile, vidole hivyo vitashuka, na katika maisha yao yaliyobaki havitapanda tena.

"Mie ni tonton yake, ndugu ya papa yake," Mwalimu Zagabe akasema. "Papa yake alikufa. Njo mie nilimukamata, nikamulea."

Alijichukia kwa kila neno. Alikuwa amempiga mtoto fimbo kwa uongo mdogo kuliko huo, kwenye ukuta huohuo. Uwanja ulipiga makofi mpaka madirisha ya darasa la tano yakatetemeka, na Gloire, mashavu yamelowa, kweli au kwa mazoea, hakuna atakayejua, akapokea mikro na kusema: "Aksanti, tonton."

Maman Cibalonza akaona wakati umefika. Akanyoosha mikono amvue mjane. Marcelline akaisukuma pembeni. Aliliachia sikio. Akafungua kitambaa cheusi mwenyewe, kichwani, mabegani, kiunoni, akabaki na gauni lake la nyumbani la maua ambalo hakuna aliyemwambia alivae chini yake. Akakikunja mara nne, pembe juu ya pembe, kama anavyokunja sare za watu, akakilaza kwenye mkono wa mwanawe.

"Kamata," akasema, na mikro ikamsikia. "Mi si mujane. Bwana yangu njo uyu. Hakufa. Na hatakuwa tonton ya mutu mbele yangu." Kisha kwa sauti ya chini kidogo, kama wapo jikoni: "Gloire, mayai iko nyumbani. Ukitaka kula, kuya. Unajua njia."

Uwanjani mtu mmoja akapiga kelele ya furaha, wote wakafuata, wakarusha fulana juu, maana hawakuwa wameona konseti nzuri kama hiyo. Fundi wa mitambo akaachia ngoma. Mwalimu na mkewe walishuka ngazi, wakapita katikati ya wanafunzi waliowapapasa mabega, wakatoka langoni.

Marcelline alikaanga mayai manne. Aliyafunika kwa sahani nyingine, akaketi barazani akiangalia barabara. Mwalimu aliketi karibu naye. Hakusema neno baya juu ya mtu yeyote alasiri ile yote, na hilo lilimtia Marcelline wasiwasi kiasi kwamba aliuliza kama anaumwa. Jumapili, wakati wa misa, waliambiwa kwamba Yatima amekwisha kupanda ndege Kavumu. Mayai walikuwa wameyala wenyewe, baridi.

Simu haikulia Noeli. Haikulia Sikukuu ya Wamama.

Halafu, mwezi wa sita mwaka huu, wimbo mpya ukatoka. Unaitwa *Bote Bawili*. Kwenye video Gloire amepiga magoti makaburini, anajifuta machozi kwa kitambaa cheusi kilichokunjwa mara nne. Mama yake, anaimba, alikufa kwa huzuni juu ya kaburi la mumewe, siku ya Jumanne, mvua inanyesha, akiwa bado na nguo ya mjane. Ndani ya wiki moja umetazamwa mara milioni mbili. Waandishi wamesema amekomaa.

Marcelline aliuleta mwenyewe. Safari hii hakuficha simu chini ya kitambaa. Aliiweka mezani, katikati yao, wakausikiliza wote mpaka mwisho.

"Nilikufa mardi?" akauliza.

"Mardi. Na mvua."

"Mardi nilikuwa nashona robe ya communion ya mutoto ya Maman Cibalonza." Akacheka kidogo. Kisha hakucheka tena.

Mwalimu akavuta droo, akatoa karatasi ya mistari na kalamu nyekundu. Safari hii hapakuwa na tatu za mwandiko. Alikuwa na sifuri tayari kwenye ncha ya kalamu, sifuri ya mviringo mzuri, ya mwanawe, ya mji, ya wote wenye fulana, na nyingine ndogo kwa ajili ya tonton mmoja aliyesimama jukwaani na kofia mkononi. Marcelline akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Ngoja," akasema. "Rudisha kidogo."

"Ju ya nini? Ulishausikia."

"Pale anaita maman. Anaita mara kumi na moja. Nilihesabu."

Mwalimu Zagabe Apollinaire hakuwahi maishani mwake kumwomba mtu yeyote ampigie muziki ule, wala hakujua simu ile inashikwaje. Aliweka kalamu chini. Akavaa miwani, akaivuta simu karibu, akamuuliza mkewe abonyeze wapi, akaurudisha mwanzo.